Tulidhani Baba alikuwa na Pijo

Jumamosi ile tulikuwa tumetoka Makoroboi kununua viatu vya shule, mimi na mwanangu wa mwisho, ambaye ana miaka 13 na miguu inayokua haraka kuliko mshahara wangu. Jua lilikuwa kali, tukakatiza Mtaa wa Lumumba kufuata kivuli. Hapo ndipo nilipoliona. Lilikuwa limeegeshwa katikati ya Noah na bajaji, rangi yake ya maziwa imepauka, na huku nyuma lina mapezi mawili yaliyosimama kama ya sato. Nilisimama ghafla, hadi mama aliyekuwa nyuma yangu na beseni la ndizi kichwani akanipita kwa maneno makali.

"Unaliona hilo?" nilimwambia mwanangu. "Hilo ni Pijo. Pijo 404. Babu yako alikuwa na gari kama hilo hilo."

Akaliangalia kama anavyoangalia mboga za majani. "Mbona halina jina?"

Kweli halikuwa na jina. Mbele, pale nilipotegemea kumwona yule simba wa Peugeot, fundi alikuwa amechomelea wavu wa chuma. Nyuma kulikuwa na vitundu tu vya herufi zilizong'oka zamani. Hata vifuniko vya rimu havikuwapo.

Mwanangu akachukua simu yangu, akapiga picha na kuiuliza programu inayotambua vitu. "Mama, inasema Austin Cambridge." Akapiga nyingine kwa ubavuni. "Sasa inasema Morris Oxford." Akazunguka mbele. "Fiat 1800."

"Hiyo simu imechanganyikiwa," nikasema. "Mimi nimepanda gari hilo tangu sijui kusoma. Ni Pijo."

Tukawekeana soda. Dada wa ushuru wa maegesho, aliyekuwa akitusikiliza huku akibonyeza kimashine chake, alitwambia mwenye gari ni mzee fulani ambaye huja mjini kila Jumamosi kununua mahitaji, na kwamba si sisi wa kwanza kubishana mbele ya gari hilo.

Nyumbani tuna picha moja tu ya gari la Baba. Ni ya rangi nyeusi na nyeupe. Mama amesimama na kitenge, amembeba mdogo wangu wa kiume, na nyuma ya bega lake linaonekana pezi moja na nusu ya taa. Hakuna kingine. Kwa picha hiyo na kumbukumbu zangu nimewahadithia wanangu watatu habari za "Pijo la Babu": tulivyokuwa tukienda Magu siku za msimu wa pamba, viti vikiunguza mapaja, vumbi likiingia hadi kwenye meno. Mtaa mzima pale Nyakato ulikuwa ukiliita Pijo. Mama naye aliliita Pijo.

Usiku ule mwanangu hakulala mapema. Alikuja kunionyesha kwa nini simu ilitaja majina matatu. Mwishoni mwa miaka ya 1950 kampuni moja ya Italia, Pininfarina ya Turin, ilipewa kazi ya kuchora magari na viwanda vya nchi tofauti. Ikawachorea Waingereza Austin Cambridge na Morris Oxford, Fiat ile 1800 nayo ikafanana na hayo, na mwaka 1960 Wafaransa wakatoa Peugeot 404. Yote yana mapezi, yote yana mabega yaliyonyooka. Ni kama fundi cherehani mmoja wa Mtaa wa Rufiji awashonee suti majirani watatu kwa mchoro mmoja, kisha kila mmoja aape kwamba yake ni ya kipekee.

"Kwa hiyo hata wewe huna uhakika," akaniambia.

"Tutamuuliza Babu."

Baba ana miaka 84 na anaishi nami Buzuruga tangu Mama alipofariki. Haoni. Anatambua mwanga wa dirisha tu, basi. Kwa hiyo wazo la kumuuliza kuhusu gari lililoegeshwa mjini lilikuwa la kijinga kidogo, na mwanangu alinikumbusha hivyo. Lakini Baba aliposikia habari zenyewe wakati wa chai aliweka kikombe chini, akauliza swali moja tu.

"Nati za gurudumu ziko ngapi?"

Hatukuwa tumehesabu.

"Basi mnabishana nini? Jumamosi nipelekeni."

Jumamosi iliyofuata tulimvalisha koti lake la kijivu, tukachukua bajaji hadi Lumumba. Gari lilikuwa palepale, na safari hii mwenyewe alikuwa akipakia mfuko wa sukari kwenye buti. Walisalimiana Kisukuma na Baba kwa ile salamu ndefu ambayo watoto wangu huisubiri iishe kama wanavyosubiri matangazo ya redio. Nilipomweleza shida yetu, yule mzee alicheka, akasema hatasema neno. "Mwache mzee mwenzangu ajionee."

Baba alianzia nyuma. Aliweka viganja vyote viwili juu ya mapezi, akayafuata hadi kwenye taa. Akapapasa ukingo wa buti. Kisha akamwomba mjukuu wake amshike mkono achuchumae, akaingiza vidole kwenye gurudumu, akahesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu. Akarudia.

"Tatu. Mwingereza anafunga gurudumu kwa nne."

Akaomba boneti ifunguliwe. "Wewe mtoto, angalia. Injini imesimama au imelala?"

"Imelala, Babu. Imeinamia upande."

"Imelala sana au kidogo?"

"Sana. Kama mtu aliyejiegemeza."

"Pijo," akasema Baba, na yule mzee akapiga makofi.

Naomba niseme kidogo hapa, maana wazazi wenzangu wenye umri wangu wataelewa. Peugeot 404 halikuwa gari tu katika Afrika Mashariki. Mbio za Safari zilianza mwaka 1953, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na kila Pasaka watu walikuwa wakikaa redioni kama leo wanavyofuata Simba na Yanga. Mwaka 1963 yalimaliza magari saba tu, na lililoshinda lilikuwa 404 la Nick Nowicki na Paddy Cliff. Mwaka 1966 na 1967 likashinda tena, mara hizi likiendeshwa na Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi hapa hapa kwetu Dar es Salaam, na msoma ramani wake Chris Rothwell. Mwaka 1968 Nowicki na Cliff wakarudia, na tena wakamaliza saba tu. Baada ya hapo ungemwambia nini mtu wa Mwanza kuhusu gari imara? Injini ile iliyolala, yenye ujazo wa sentimita 1618, ilibeba abiria, maiti, maharusi na magunia. Ikigoma betri, unapiga hendeli.

Nilimgeukia mwanangu kudai soda yangu. Baba akanikatiza.

"Lakini letu halikuwa Pijo."

"Baba!"

"Letu lilikuwa Morris Oxford. Pijo lilikuwa la meneja wetu kule ushirika. Mimi nililinunua langu kwa Mhindi mmoja aliyekuwa anahama, jina limeshang'oka. Majirani wakasema karani kanunua Pijo. Mama yako akafurahi. Sasa mimi niwakatalie kwa nini?"

Yule mwenye gari alicheka hadi akashika bampa. Mwanangu naye akasema kwamba basi simu haikukosea sana na soda ni nusu kwa nusu. Mimi nilibaki nimeduwaa. Miaka hamsini ya Pijo, kumbe Morris.

Mwenye gari alimfungulia Baba mlango wa dereva akae kidogo. Baba akatafuta gia pale pale kwenye usukani, akacheka kwamba la kwetu gia ilikuwa chini. Alipotoka hakutaka kuondoka. Alizunguka upande wa pili, mkono wake ukitembea juu ya bodi, akaanza kupapasa upande wa kushoto kuanzia taa ya mbele hadi kwenye mlango. Alifanya hivyo mara mbili, polepole, kama mtu anayetafuta kitu.

"Huku mbona laini?" akauliza.

"Kwa nini pasiwe laini, Baba?"

"La kwetu lilikuwa limekwaruzika huku. Hukumbuki?"

Nilikumbuka palepale. Upande wa kushoto wa gari letu ulikuwa na makovu, mengine juu ya mengine: nguzo ya geti letu, mwembe wa jirani, pipa la mafuta ya taa pale dukani. Baba alipiga puti, akapaka rangi ya mkono, na baada ya mwezi kovu jingine. Mama alikuwa akitutania kwamba nguzo ya geti letu husogea usiku.

"Nguzo haikuwa inasogea, mayu," alisema. Huniita hivyo akiwa na jambo. "Nilikuwa siioni."

Kisha, pale pale barabarani, bajaji zikipiga honi na mtu akinadi mitumba kwa kipaza sauti, alitusimulia jambo ambalo hakuwahi kulisema nyumbani. Ilikuwa mwaka 1984. Alikuwa akirudi jioni kutoka Kisesa, peke yake. Karibu na Igoma alisikia mlio kama wa kengele upande wa kushoto, akafunga breki. Ilikuwa ndoo. Mtoto wa kike, mkubwa kama mimi wakati ule, alikuwa akitembea pembeni ya barabara na maji kichwani, na gari lilimgusa ndoo. Mtoto aliruka shambani. Hakuumia, alilowa tu, akawa analilia ndoo iliyobonyea. Baba alimpa fedha zote alizokuwa nazo mfukoni, akaendesha gari hadi Nyakato kwa mwendo wa baiskeli.

"Barabara ilikuwa nyeupe," alisema. "Mtu yeyote angemwona yule mtoto. Mbele nilikuwa naona vizuri, naweza kusoma namba ya gari lililonitangulia. Pembeni ndiyo hakukuwa na kitu."

Wiki mbili baadaye aliliuza gari. Sisi alitwambia spea hazipatikani, na nani angebisha? Ilikuwa miaka ile ya kupanga foleni ya sabuni, miaka ambayo gari binafsi lilikuwa haliruhusiwi kuonekana barabarani Jumapili baada ya saa nane mchana. Kila mtaa ulikuwa na gari lililokaa juu ya matofali.

Mimi niliichukua habari hiyo vibaya. Nilikuwa nimefaulu darasa la saba, na Baba alikuwa ameahidi kunipeleka bweni kwa gari mwenyewe. Nilikwenda kwa basi, nimesimama, sanduku langu la bati likiwa juu ya keria, na kwa miaka mingi nilipokuwa nikitaka kujihurumia nilikuwa nikiikumbuka safari ile. Mama alikuwa na lake. Wiki chache baada ya kuuza gari Baba alisafiri siku tisa, akasema ni semina ya kazini. Fedha za gari hazikuonekana nyumbani. Mama aliamini kuna mwanamke Magu. Hakuwahi kumwona wala kumjua jina, lakini aliamini hivyo, na aliyasema maneno hayo hata mwaka aliofariki.

Nilimuuliza Baba, kwa sauti ya chini ingawa mwanangu alikuwa anasikia kila kitu: "Ile semina?"

"Nilikwenda Moshi kwa madaktari wa macho. Fedha zilikwenda huko, nauli na kulala na dawa. Waliniambia ni presha ya macho. Wakanipa matone. Yalipoisha nikayatafuta hapa Mwanza, hayapatikani. Nikaacha."

"Kwa nini hukumwambia Mama?"

Alichukua muda. "Nilikuwa karani, kazi yangu ni kusoma mizani. Ushirika ulishavunjwa mwaka 1976, Mamlaka ya Pamba ilitupokea kwa mchujo. Karani asiyeona atawekwa wapi? Mama yako angewaambia dada zake, na dada zake wangeuambia mji."

Hiyo ya mwisho ni kweli kabisa, mama zangu wakubwa na wadogo wanisamehe. Lakini Mama aliishi na yule mwanamke wa Magu miaka yote ile, na mwanamke mwenyewe hakuwapo. Sijui nifanye nini na jambo hilo. Nimejaribu kumkasirikia Baba, nikashindwa. Nimejaribu kumsamehe kwa niaba ya Mama, nikaona si kazi yangu.

Tulirudi nyumbani kimya. Soda tulikunywa wote watatu na Baba ndiye aliyelipa.

Usiku ndipo kilipokuja kitu kingine. Baba aliposhindwa kabisa kuona, miaka kama kumi na tano iliyopita, sisi tulidhani ni mtoto wa jicho, kwamba atapasuliwa na kuona tena kama wazee wengine. Daktari alitwambia si hivyo. Mtoto wa jicho ni ukungu kwenye lenzi. Unaondolewa, mtu anaona. Presha ya macho, wao wanaiita glakoma, inaharibu mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo, na sehemu iliyokwisha kuharibika hairudi. Haiumi. Huanza kula pembeni kidogo kidogo, na jicho moja humfichia mwenzake siri, ndiyo maana mtu anaweza kuendesha gari miaka kadhaa huku akisoma namba za mbele vizuri.

Daktari yule yule alituambia jambo jingine, nalo nililisikia kama unavyosikia tangazo la basi la watu wengine pale stendi: ugonjwa huu hufuata damu. Mtoto au ndugu wa tumbo moja wa mgonjwa ana hatari mara kadhaa zaidi ya mtu mwingine, na kwa sisi watu weusi huanza mapema na kwenda kasi. Baba wakati wa ile ndoo alikuwa na miaka 43. Mimi nina 54.

Na kioo cha pembeni cha gari la dada yangu, ambalo huniazima siku moja moja, nimekivunja mara mbili mwaka huu. Kile cha kushoto.

Nilikwenda kliniki ya macho Jumanne. Kama hujawahi kupimwa, si jambo la kuogopesha. Kuna kifaa cha kupima presha yenyewe, kuna daktari kuangalia nyuma ya jicho kwa taa, halafu kuna mashine ambayo unaingiza uso, unatazama nukta moja katikati na kubonyeza kitufe kila unapoona kimwanga kidogo pembeni. Mimi nilidhani mashine imeharibika, maana kwa jicho la kushoto kulikuwa na vipindi virefu vya kukaa bila kubonyeza. Haikuwa imeharibika.

Wamesema imeonekana mapema. Natumia matone, moja kila usiku, na nitayatumia maisha yangu yote. Siku hizi yapo, ingawa bei yake inauma. Mwanangu ameweka kengele kwenye simu, na ikilia saa tatu usiku Baba husema kutoka chumbani kwake, "Mayu, dawa," hata kama nimeshaweka. Gari la dada yangu nimelirudisha kwa sasa, hadi daktari atakaponiambia vinginevyo. Dada yangu mwenyewe amepimwa, yuko salama, arudi mwakani.

Amebaki yule mdogo wetu wa kiume, aliyebebwa na Mama kwenye picha. Ana miaka 50, anaendesha lori la saruji kati ya Mwanza na Bukoba, na tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 anajisifu kwamba anavuka kwa dakika chache pale alipokuwa akipoteza nusu siku akisubiri kivuko. Nilipompigia alicheka. Macho yake mazima, alisema, akiwa Kigongo anaona mbuzi wa ng'ambo. Nikamwambia hata Baba alikuwa anaona mbele. Nikamwambia habari ya ndoo. Alikaa kimya hadi nikadhani mtandao umekatika.

"Ina maana lile Pijo hakuliuza kwa ajili ya spea?"

"Halikuwa Pijo," nikamwambia, "lakini hiyo nitakueleza ukija."

Atakuja Alhamisi. Wakimpima watamwekea dawa ya kupanua mboni, na kwa saa kadhaa ataona kiwi, kwa hiyo nimemwambia lori aliache Usagara, apande daladala.